Fundi amekata waya wa sensa kwa MENO halafu akaniambia nipeleke gari kwa pasta

Mzee_wa_110: Wazee, niko hapa Ngara kando ya barabara, mikono imejaa grisi, bado natetemeka. Simtaji. Mnamjua. Yule wa ovaroli ambayo akiivua inasimama yenyewe. Yule gari ikifika kwake anasema "hii ni kitu kidogo", na ikitoka ni kitu kikubwa.

Gari ni Toyota 110 ya 1998, injini 5A. Asubuhi inawaka bila shida. Ikishapata moto, ukiizima, kuiwasha tena ni mpaka uombe. Moshi mweusi. Mafuta inakunywa hadi wahudumu wa petroli wananiita kwa jina na kuniulizia watoto. Na taa ya injini wala haiwaki.

Huyu bwana hakushika hata testa. Alifumba macho, akasikiliza injini, akasema plagi. Nikanunua. Akasema sensa ya oksijeni. Nikashuka Kirinyaga Road nikanunua. Akasema pampu ya mafuta. Ningemwambia mabati yangu yanavuja angesema pampu ya mafuta.

Leo ndio akakumbuka magari huwa na waya. Sensa ya joto la maji, ile ya waya mbili. Nikamwambia pole pole, fungua soketi tuangalie. Wazee. Akainama, akavuta waya, akaukata kwa MENO. Koleo iko mfukoni mwake, naiona, mpini mwekundu! Kwa meno! Akatema kipande cha plastiki kwenye kiatu changu, akasokota waya mbili pamoja, akafunga na karatasi ya mkate. Karatasi bado ina makombo.

Hapo sasa taa ya injini ikawaka. Nikamuuliza, na hii? Akajipangusa mdomo, ule ule mdomo, akasema mbele ya wateja wote: "Mkubwa, hii gari si ya fundi tena, ni ya pasta." Mama wa chai alicheka hadi akaweka birika chini. Halafu akadai elfu tatu za kazi. Kazi gani? Ya meno?

Spana_Kumi: Swali moja tu mkuu. Ni meno ya mbele ama magego?

Kamanda_wa_Githurai: Huyo namjua! Alinizibia paipu ya redieta na soksi. Soksi yangu.

Probox_Haichoki: Lakini gari iliwaka ama haikuwaka?

Mzee_wa_110: Iliwaka. Hiyo si hoja. ALITUMIA MENO.

Probox_Haichoki: Kwa hivyo plagi, sensa na pampu zilishindwa, meno yakaweza. Lipa mtu pesa yake.

Waya_kwa_Waya: Wacheni nieleze kabla hamjaharibu uzi. Hiyo sensa, joto likipanda upinzani wake wa umeme hushuka. Nyuzi 20 unapata omu 2,000 hadi 3,000 hivi, nyuzi 80 iwe kati ya 200 na 400. Soketi ikishika ile kutu ya kijani, upinzani unaongezeka, kompyuta ya injini inadhani iko Limuru mwezi wa Julai, kwenye baridi, inamwaga mafuta. Taa haiwaki kwa sababu kipimo bado kiko ndani ya mipaka. Sasa jamaa ameunganisha waya mbili zenyewe kwa zenyewe. Hiyo ni shoti. Kompyuta ikiona hivyo inawasha taa, inaipuuza sensa na kuchukulia maji ni nyuzi 80 saa zote. Ndio maana imewaka ikiwa moto. Ngoja kesho alfajiri, injini ikiwa baridi.

Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, uhesabu taa. Ikipepesa mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni namba ya hitilafu 22, ni saketi ya sensa hiyo hiyo. Nunua soketi ya gari iliyovunjwa, waya ziungwe kwa lehemu, kila moja ifunikwe peke yake. Na upime sensa kwa multimita huku unatikisa waya, kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Mzee_wa_110: Asante mkuu. Lakini umesoma pale nimesema alitema kwenye kiatu changu?

Spana_Kumi: Kiatu gani? Ngozi?

Kuku_Kienyeji: Watu mna magari na mnalia. Mimi fundi wa nguo alinishonea suruali ya harusi, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nikamwambia. Akaniambia nisimamie upande wa kushoto kwenye picha.

Kamanda_wa_Githurai: 😂😂 Na ulisimamia?

Kuku_Kienyeji: Ningefanya nini, bibi harusi alikuwa ameshafika kanisani.

Nyumba_ya_Bati: Fundi wa nguo ni malaika. Njooni muone plamba wangu. Aliunganisha bomba, sasa nikifungua maji ya jikoni, choo cha jirani ndicho kinajaa.

Mzee_wa_110: Jamani, gari yangu.

Probox_Haichoki: @Kuku_Kienyeji huyo fundi wa nguo ni wa mtaa gani? Nina harusi Desemba na kuna mtu Eastleigh tayari ana kitambaa changu. Ana ndevu?

Kuku_Kienyeji: Ana ndevu.

Probox_Haichoki: Nitarudi. Wacha nipige simu.