Naomba ushauri: MongoDB kwenye kompyuta ya Core 2 Duo

Habari za saa hizi wakuu. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Nina kompyuta kuukuu ya mezani, prosesa ya Core 2 Duo E8400, RAM GB 4, nimeiwekea SSD na Debian ya biti 64. Ni seva yangu ya kujifunzia, na kwa umri wake haina neno. Shida ni MongoDB 5.0, ile hifadhidata ya nyaraka: inasakinika vizuri, lakini nikiiwasha tu inakufa papo hapo, hata logi haiandiki. Nikiiita mwenyewe kwenye terminali napata mstari mmoja: "Illegal instruction", yaani prosesa imepewa agizo isilolijua.

Nilishuku RAM, nikaipima usiku kucha, nzima. Nikasakinisha upya, wapi! Ndipo nikachungulia /proc/cpuinfo, faili linaloorodhesha seti za maagizo ambazo prosesa inazijua: sse4_1 ipo, avx hakuna. Kumbe kuanzia 5.0 MongoDB inataka prosesa yenye AVX, na Intel walianza kuiweka mwaka 2011 kwenye Sandy Bridge. Yangu ilizaliwa kabla. Toleo la 4.4 linapiga kazi bila tatizo, ila lilifika mwisho wa huduma Februari 2024, na sipendi kujenga juu ya kitu kilichoachwa.

Kuna aliyewahi kujenga toleo jipya kutoka msimbo chanzo bila AVX, na RAM kama hii ilitosha au mashine iligoma katikati? Au nihamie tu PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, nyaraka zangu niziweke kwenye safuwima ya jsonb, aina yake ya kuhifadhi JSON? Ziko kama laki mbili, ndogondogo, na huwa nazitafuta kwa jina na tarehe tu.