Teke la karate na la taekwondo: anayeanza afundishwe lipi?

Mzee wa Nyonga
Wakuu, nimecheza karate ya mtindo wa Shotokan miaka tisa, sasa nina mwaka na nusu kwenye taekwondo. Naomba tujadili bila ushabiki. Teke la mzunguko, lile la mawashi-geri kwa wa karate na dolyo-chagi kwa wa taekwondo, ukilitazama kwa mbali ni moja. Ukilipiga ndipo unajua si moja. Karate nilifundishwa kuinua goti kwa ubavuni, mguu umekunjwa na kulala sambamba na sakafu, nyonga inazunguka, unapiga kwa pale chini ya vidole huku vidole umevikunja kuja juu, kisha unaurudisha mguu haraka kabla hujautua. Taekwondo goti linapanda moja kwa moja mbele, kama vile unakuja na teke la mbele, halafu mwishoni kabisa nyonga inageuka na teke linalala. Unapiga kwa mgongo wa mguu, kiwiliwili kimeegemea nyuma.

Siku yangu ya kwanza mwalimu mpya aliniambia, "Goti lako limeshanisimulia teke zima." Iliniuma, maana alikuwa amenizuia mara tano mfululizo na mikono yake hata haikuwa na haraka. Swali langu: anayeanza leo, ainue goti la wapi kwanza?

Kisigino Kavu
Goti la mbele, hilo halina mjadala. Likipanda mbele mpinzani hajui linafuata teke la mbele, la ubavu, la mzunguko au kisigino cha kushuka kutoka juu. Milango minne, ufunguo mmoja. Goti la ubavuni lina mlango mmoja na taa imewashwa. Halafu tuseme ukweli: kwenye karate mguu ni msindikizaji wa ngumi. Kwetu mguu ndiye bwana harusi.

Gedan
Msindikizaji? Hiyo taekwondo yako imezaliwa na nani? Jenerali Choi Hong Hi, mmoja wa waasisi wenu, alijifunza karate akiwa masomoni Japani. Lee Won-kuk, mwanzilishi wa Chung Do Kwan, moja ya shule zenu za mwanzo, alikuwa mwanafunzi wa Funakoshi, baba wa Shotokan. Kata, ile mipangilio ya mapigo ya kukariri, mlizoanza nazo ni Heian zetu, mkazisoma kwa Kikorea mkaziita Pyong-an. Jina lenyewe taekwondo ni la 1955. Mtoto hamwiti baba yake msindikizaji.

Kisigino Kavu
Baba mwenyewe alikuwa anapiga mateke ya kiunoni! Zitazame kata za zamani za Okinawa, mateke yake mengi hayavuki mkanda. Na Wakorea walikuwa na taekkyon, mchezo wa miguu, kabla Funakoshi hajatoka Okinawa kwenda Tokyo 1922. Urefu wa teke haukutoka Japani.

Gedan
Taekkyon ilikuwepo, sikatai. Lakini walimu waliofungua zile kwan, yaani shule, za mwanzo, wengi walirudi nyumbani na mkanda wa karate, siyo wa taekkyon. Nimeshasema na sirudii.

Paja Moja
Mnagombania baba, ngoja niwaongezee ndugu. Mas Oyama, aliyeanzisha karate ya Kyokushin, jina la kuzaliwa Choi Yeong-eui. Mkorea. Karate inayopiga mateke mazito kuliko zenu zote imeanzishwa na Mkorea aliyefundishwa na Wajapani. Haya, semeni nani kamzaa nani.

Tena wote mnaongelea mbavu na kichwa, paja mmelisahau. Sisi wa Kyokushin tunapiga paja kwa muundi, bila kinga. Taekwondo ya mashindano hairuhusu teke chini ya kiuno, na karate ya WKF, shirikisho la karate la dunia, teke la paja halina pointi, ni kosa. Ndiyo maana mnasimama mguu wa mbele mwepesi, mnaruka-ruka. Teke la paja la kwanza unalicheka. La pili unahisi joto linapanda hadi nyonga. La tatu mguu unakataa amri, na hilo goti lenu, liwe la mbele au la ubavuni, halipandi tena.

Kisigino Kavu
Na Kyokushin hampigi ngumi za uso, kwa hiyo mnasimama kifua kwa kifua kama mnaambizana siri. Kila mchezo una shimo lake. Ila sisi tangu 1988 tuko Olimpiki. Karate imeingia mara moja ikatolewa. Na mara hiyo hiyo moja ikajiaibisha: yule Msaudi kwenye fainali kampiga Mmisri teke la kichwa safi kabisa, mtu chini, na dhahabu akanyimwa! Mchezo gani unamwadhibu mtu kwa kupiga teke zuri?

Mwamuzi Mstaafu
Naomba nirekebishe. Seoul 1988 na Barcelona 1992 taekwondo ilikuwa mchezo wa maonyesho. Medali rasmi zilianza Sydney 2000. Na hiyo fainali mpinzani hakuwa Mmisri. Ni Sajad Ganjzadeh wa Iran dhidi ya Tareg Hamedi wa Saudi Arabia, Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, uzito wa zaidi ya kilo 75. Hamedi alikuwa mbele 4 kwa 1. Teke likatua, Ganjzadeh akatolewa kwa machela, Hamedi akaondolewa kwa kupiga kupita kiasi. Ganjzadeh alizinduka akaambiwa yeye ndiye bingwa.

Kisigino Kavu
Umenisaidia, asante. Mtu amelala, na ndiye bingwa. Nimemaliza.

Dada wa Kata
Hujamaliza, kaka. Nilitazama fainali ile nikalia, na nilimlilia Hamedi, siyo Ganjzadeh. Lakini sheria aliijua tangu akiwa mtoto wa mkanda mweupe. Karate ya namna ile, teke la kichwani linatakiwa liguse tu. Wewe unadhani kugusa ni udhaifu. Jaribu: piga teke kwa kasi yako yote, nyonga yote imeingia, halafu lisimamishe upana wa kidole kutoka kwenye shavu la mwenzako. Mguu usiyumbe. Mwenzako asikie upepo tu. Ukiweza hilo mara kumi, njoo uniambie kuhusu teke zuri.

Kisigino Kavu
Dada, kwa heshima zote, teke lisilotua ni ahadi. Mimi nataka malipo.

Dada wa Kata
Malipo ninayajua. Mwenzangu wa mazoezi, kijana aliyekuwa na maneno kama yako, aliniweka mgongo wa mguu kwenye taya siku ambayo tulikubaliana mazoezi mepesi. Wiki tatu nilikula kwa mrija. Sikumbuki teke lenyewe. Nakumbuka dari. Kwa hiyo usinifundishe uzito wa teke la kichwani, nimeubeba.

Kisigino Kavu
Pole sana. Hilo sikulijua. Ahadi na malipo nayafuta.

Gedan
Ayafute na ya msindikizaji. Na kama ni kujiaibisha, tuzungumze vihisi. Tangu zile kinga za kifua za kielektroniki zifike Olimpiki, London 2012, taekwondo imekuwa upanga wa miguu. Mtu anainua mguu wa mbele, anasimama na mmoja kama korongo, anachokonoa kifua mpaka mashine ilie. Hapo bwana harusi yuko wapi?

Kisigino Kavu
Umesahau Rio 2016? Cheick Cissé wa Kodivaa, sekunde ya mwisho kabisa, yuko nyuma, anageuka mgongo na teke linampata Lutalo Muhammad kichwani. Dhahabu ya kwanza ya nchi yake katika Olimpiki. Huo ni uchokonozi?

Ila sitadanganya, mguu wa korongo unaniumiza hata mimi. Nimetoka kwenye enzi za teke la mguu wa nyuma, ukipiga kinga ya kifua jengo zima linasikia. Leo kuna vijana wanashinda kwa mateke ambayo hayawezi kufunga mlango.

Mwamuzi Mstaafu
Sasa ndipo mmefika kwenye jambo. Nimekaa kwenye kona ya ulingo miaka mingi, na nimeona kwamba teke halifuati nchi lilikozaliwa, linafuata kile mpigaji anachokiogopa. Taekwondo ngumi ya uso hairuhusiwi, na ngumi ya kifua ni pointi 1, teke la kifua 2, la kichwa 3, na ukigeuka mgongo ni 4 kifuani na 5 kichwani. Mtu asiyeogopa ngumi ya uso anaegemea nyuma, anashusha mikono, anapata urefu wa mguu. Karate ya WKF ngumi ni 1, teke la kiwiliwili 2, la kichwa 3, na ngumi ya uso inakuja. Ukiegemea nyuma na mguu uko hewani, ngumi inakukuta huna pa kwenda. Kwa hiyo unabaki wima, mkono unabaki kwenye kidevu, na mguu unaurudisha kabla haujadakwa. Huyu wa Kyokushin anaogopa paja, basi anasimama mzito.

Na goti la mbele siyo mali ya taekwondo. Mae-geri, teke la mbele la karate, inaanza na goti hilo hilo. Lyoto Machida, mtu wa Shotokan, alimwangusha Randy Couture kwenye pambano la mchanganyiko wa mitindo (UFC) mwaka 2011 kwa teke la mbele la kuruka: goti moja linapanda, mguu mwingine ndio unaopiga. Na wachezaji wa karate ya mashindano siku hizi wengi wanainua goti mbele hata kwa mawashi-geri. Goti la ubavuni limebaki zaidi kwenye mazoezi ya msingi.

Paja Moja
Couture angepigwa pajani kwanza asingefika huko.

Mzee wa Nyonga
Wakuu, nimesoma yote. Nimejifunza ya Oyama, na ya Ganjzadeh sitayasahau. Lakini swali langu mmelipita kama mmepita kituo. Nina mdogo wangu anaanza wiki ijayo, miaka kumi na minne. Goti gani?

Dada wa Kata
La mbele, na nakwambia hivyo nikiwa mtu wa karate. Siyo kwa sababu linaficha teke. Goti la ubavuni linadai nyonga iliyofunguka, na mwanafunzi mpya hana. Atalipata goti kwa kuuinamisha mgongo, halafu mguu wa kusimamia utabaki umeelekea mbele wakati mwili umegeuka, na msokoto wote utaishia kwenye goti hilo lililoko chini. Langu la kushoto liliharibika hivyo. Mwambie ashike ukuta, avae soksi kwenye sakafu laini, ainue goti usawa wa kitovu, asubiri, ndipo ageuze kisigino cha mguu wa kusimamia mpaka kimwelekee mpinzani. Teke lije mwisho. Miezi miwili hivyo, bila kupiga kitu.

Kisigino Kavu
Nakubaliana na Dada. Ila kisigino kisisubiri. Kianze kugeuka goti likiwa bado linapanda, kikichelewa teke linafika kabla ya nyonga na linakuwa kofi tu.

Gedan
Kikianza mapema umeshalisimulia teke. Si ndicho alichoambiwa siku ya kwanza?

Kisigino Kavu
Aliambiwa kuhusu goti. Nani anatazama kisigino cha mguu wa chini?

Gedan
Mimi. Natazama kisigino na bega. Goti nimeshaacha kulitazama, linadanganya.

Mzee wa Nyonga
Gedan, bega lipi? La upande wa mguu unaopiga au la pili?