Msaada: taa ya bei nafuu kwa tangi la samaki lenye mimea (lita 65)

Maji ya Kunde

Habari zenu wadau. Nina tangi la kioo, urefu sm 60, upana sm 30, kina sm 36. Kwa hesabu ni kama lita 65, ila ukitoa changarawe, mawe na ule ukingo wa juu nisioujaza, maji yenyewe hayazidi 55. Ndani kuna neon tetra, konokono wasiohesabika, na mimea: Vallisneria, Cryptocoryne mbili, Anubias moja na kangaga la Java.

Tangi lilikuja na taa yake ya wati 5, nusu ya vitaa vyake ni vya bluu. Samaki wanang'aa balaa, mimea inakufa. Vallisneria imekonda kama uzi. Cryptocoryne ziliyeyuka wiki ya pili, nikabaki na vishina tu. Nimeangalia taa maalumu za mimea ya majini, zile nzuri bei yake inazidi tangi, stendi na samaki wote kwa pamoja.

Je, balbu za LED za kawaida za nyumbani zinafaa? Wati ngapi? Na zile za zambarau za kuoteshea miche? Ndoto yangu ni zulia la kijani sakafuni, Hemianthus callitrichoides. Nawasilisha.

Bibi Konokono

Pole mwanangu. Usiing'oe hiyo Cryptocoryne! Mmea huo una kawaida ya kumwaga majani yote ukihamishwa, hata ukiwa na taa ya dhahabu. Mara nyingi majani yake yaliota nje ya maji huko ulikokuzwa, sasa yanakufa ili yaje ya majini. Mizizi ikiwa mizima, subiri. Mimi niliwahi kutupa vishina vitatu vya aina hiyo, cha nne nikakisahau kwenye ndoo ya maji nyuma ya mlango. Kikachipua.

Anubias na kangaga hujasema umevipandaje. Lile shina nene linalotambaa lisifukiwe kwenye changarawe, litaoza. Lifunge juu ya jiwe au gogo kwa uzi.

Taa nawaachia vijana.

FundiUmeme

Mkuu, achana na wati. Wati inakuambia taa inakula umeme kiasi gani, haisemi inatoa mwanga kiasi gani. Ile kanuni ya wati kadhaa kwa kila galoni ilitungwa enzi za mirija ya floresenti, kwenye LED inapotosha tu. Soma lumeni kwenye boksi, ndicho kipimo cha mwanga unaotoka. Makadirio ninayotumia mimi: mimea isiyo na makuu kama yako, lumeni 10 hadi 20 kwa lita. Kati ya 20 na 40 ni mwanga wa wastani. Ukivuka 40 umeingia mchezo mwingine kabisa, wenye mtungi wa kuilisha mimea gesi ya kaboni dayoksaidi na mbolea kila mara.

Kwa lita 55 unahitaji lumeni 550 hadi 1,100. Balbu moja ya LED ya wati 9 hutoa kama 800. Hata hivyo ningekushauri uweke mbili. Balbu haimwagi mwanga wote chini. Mwingine unapotelea pembeni, mwingine unaishia kwenye kifuniko cha kioo, hasa kikishaganda ule unga mweupe wa maji yaliyokauka. Halafu urefu wa sm 60 ni mwingi kwa balbu moja, pembe zote mbili zitabaki gizani. Ukitengeneza sanduku la juu, lipake rangi nyeupe kwa ndani, mwanga urudi majini.

Rangi chukua nyeupe ya mchana, 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Mimea inaota hata kwa ile ya manjano ya 3000K, shida ni macho yako: maji yataonekana kama hujayabadilisha mwezi mzima.

ZuliaKijani

Mnamkatisha tamaa bure. Anataka zulia, na zulia linataka mwanga. Nunua taa ya LED ya nje, ile bapa ya kumulika uani, wati 50. Ni rahisi kuliko taa yoyote iliyoandikwa "ya akwariamu", na ikiwa na alama ya IP65, yaani imezibwa vumbi na maji, matone hayaisumbui. Ining'inize juu ya tangi, kazi imekwisha. Mimi Hemianthus yangu imefunika sakafu yote kwa miezi miwili.

FundiUmeme

@ZuliaKijani una mtungi wa kaboni dayoksaidi?

ZuliaKijani

Ninao, ndiyo.

FundiUmeme

Basi sema tangu mwanzo, mkuu 😂 Wati 50 za LED ni lumeni 4,000 na ushee. Juu ya lita 55 hiyo ni zaidi ya 70 kwa lita. Bila mtungi ataotesha supu.

Bibi Konokono

Supu hiyo mimi nimeipika. Mwanangu mmoja alinifungia taa ya namna hiyo, nikaiwasha tangu alfajiri mpaka naenda kulala. Kabla wiki mbili hazijaisha maji yalikuwa ya kijani, samaki siwaoni, nasikia tu wanapopiga mkia. Nikabadilisha maji nusu, kesho yake kijani kilekile. Wale ni mwani wa chembe mojamoja unaoelea, chujio la kawaida haliwakamati. Dawa ilikuwa kulifunika tangi lote kwa blanketi siku nne, taa imezimwa, pampu ya hewa inaendelea. Nilipofunua maji yalikuwa meupe, nikabadilisha mengi kwa mkupuo.

Mimea yenyewe haikuongezeka hata jani moja kwa mwanga wote ule. Anubias ndiyo ilidhurika zaidi: jani lake hukaa muda mrefu mno, likipigwa na mwanga mkali madoa ya kijani yanaligandia na hayatoki hata kwa kucha.

Kambamti

Kuhusu zambarau. Lumeni hupimwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu linaona zaidi kijani. Mmea unatumia mwanga wa nanomita 400 hadi 700, ambao ndio huitwa PAR. Taa ya zambarau ina bluu na nyekundu tupu, kwa hiyo lumeni zake ni chache ilhali mmea unashiba. Ila majani yanaonekana meusi na samaki kama wametiwa wino. Niliivumilia siku nne. Kwa taa nyeupe usihangaike na PAR, lumeni zinatosha kukadiria, kifaa cha kupimia PAR ni ghali kuliko taa unayotaka kukwepa kuinunua.

Nikuulize, taa unawasha saa ngapi kwa siku?

Maji ya Kunde

Nikiamka nawasha, nikilala nazima. Kama saa 15 😬

Kambamti

Nilijua tu. Saa ndefu hazifidii taa hafifu. Anza na saa 6, mwani usipojitokeza baada ya wiki tatu panda mpaka 8, na uishie hapo. Nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi, ndicho kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote vilivyotajwa humu. Binadamu anasahau.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiweka taa mpya, mbolea mpya na mimea mipya siku moja, tangi likichafuka hutajua umlaumu nani.

Maji ya Kunde

Nimewasoma wakuu. Kwa hiyo balbu mbili za wati 9, 6500K, saa 6. Zulia nalo?

ZuliaKijani

Hemianthus sahau kwa sasa, nakiri. Bila mtungi itanyong'onyea na kuelea juu kipande kipande. Cryptocoryne parva ni fupi na inavumilia, ila inaota kwa kasi ya kinyonga. Au funga moss ya Java, ule mmea laini kama manyoya, kwenye vijiwe bapa uvipange sakafuni. Kwa mbali ni zulia.

FundiUmeme

Jambo moja kabla hujafunga chochote. Balbu ya nyumbani na holda yake havikutengenezwa kukaa juu ya maji. Weka kioo kati ya balbu na maji, na sanduku uliache na matundu ya hewa, maana LED ikipata joto inakufa mapema. Waya uuache ulegee, ushuke chini ya soketi kisha ndiyo upande, ili tone likiteleza kwenye waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme. Kama nyumba yenu haina swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja, funga kwanza hiyo. Na zima kila kitu kabla hujatia mkono majini. Kila kitu, hata pampu.

Haya yakikutisha, chukua tu ile bapa ya nje aliyosema ZuliaKijani, lakini ya wati 10, ina lumeni 800 au zaidi kidogo na imeshazibwa kiwandani. Kwa mimea yako inatosha. Iinue sm 20 hivi juu ya maji mwanga utawanyike.

Maji ya Kunde

MREJESHO, wiki ya saba.

Balbu sikuzifunga, ile habari ya tone la maji ilininyima usingizi. Nimechukua bapa mbili za wati 10, moja kila upande. Wiki mbili za kwanza niliwasha moja tu, kisha zote, saa 6 kwa taima. Vallisneria imetoa watoto watano, wanatembea kuelekea kwenye chujio. Cryptocoryne zote mbili zimefufuka, Bibi ubarikiwe. Moja ina majani ya kahawia ambayo haikuwa nayo mwanzo.

Mwani upo kidogo kwenye kioo cha mbele, naufuta Jumamosi kwa kadi ya zamani ya simu. Kile cha nyuma nawaachia konokono.

Saa naziongeza ziwe 7 au nitulie?

Kambamti

Tulia.

Bibi Konokono

Hao watoto wa Vallisneria wakizidi usitupe, niulize mimi.