Yule mnayemjua kanidhalilisha Vietnam mbele ya kundi zima!!

Wakuu nimeingia hotelini sasa hivi, natetemeka hadi simu inaniponyoka. Jina sitaji ila mnamjua wote, yule wa kofia ya pama anayepeleka watu nje kwa makundi, akianza salamu kwenye video zake chaji inaisha hajamaliza.

Leo katupeleka Cu Chi, pembezoni mwa Ho Chi Minh City, kwenye mahandaki ya Vietcong, wale wapiganaji wa msituni waliopigana na Wamarekani. Zaidi ya kilomita 200 chini ya ardhi, watu wamechimba kwa mikono na majembe, matundu ya hewa wameyaficha kwenye vichuguu. Mzee anayetutembeza kafukua majani makavu, kafunua mlango wa ukubwa wa trei ya mayai, eti hapo mtu mzima alikuwa anazama na bunduki yake, miguuni katambuga za matairi kama zetu kabisa.

Tukafika kwenye mitego. Unakanyaga ubao, unapinduka, mguu unatumbukia kwenye vyuma vyenye ncha. Wakuu, baba yangu mdogo alirudi kutoka vita vya Kagera 1979 na mguu mmoja, nimekua namuona kila jioni akifungua ule wa bandia anaugemeza ukutani. Machozi yakanitoka. Jamaa kamera inawaka, akapaza sauti: "Wewe unamlilia nani, una shemeji Vietcong?"

UNA SHEMEJI VIETCONG! Kundi zima likacheka, nadhani mpaka Hanoi walisikia. Mzee wa watu Kiswahili hajui lakini alielewa, akaufunika ule ubao akaondoka zake mbele. Halafu jamaa huyoo mbio kwenye uwanja wa shabaha, wanauza risasi kwa wageni, kila akifyatua AK-47 anageukia kamera. Kwenye basi mtu ananipa maji, "shika shemeji". Nimelipa dola zangu nibatizwe Shemeji?? Watu wamekufa pale jamani!

Mlugaluga: Pole dada, ila shemeji Vietcong imeniua 😂😂

kisimachangoto: Uzi bila video ni batili. Tupia tumuone shemeji

Bibi Harusi: Huyohuyo alitupeleka Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi kule Poland, akatupanga kwenye reli za upande wa Birkenau turuke juu tupige picha. Nikakataa, akasema naharibu kontenti

Mleta uzi: UMEONA?? Mimi kasema mbele ya mzee wa watu, una shemeji Vietcong!

Fundi Bomba: Ngoja kwanza, Auschwitz ukiingia bila mwongozaji ni bure, nyie aliwatoza?

Bibi Harusi: Alitutoza kiingilio, na mwongozaji hatukupewa!!

Fundi Bomba: Mmepigwa

kisimachangoto: Hivi Cu Chi muhogo bado wanagawa?

Mleta uzi: Wanagawa, wa kuchemsha na karanga za kusagwa, ndio walikuwa wanakula humo chini wakati wa vita. Lakini mada sio muhogo

Mlugaluga: Mtu anatoka Mkuranga anapanda ndege kwenda kula muhogo 😂

kisimachangoto: Na pilipili hamna, nilikula pale nikamkumbuka mama muuza wa Coco Beach

Teja Mstaafu: Acheni muhogo. Nani karudishiwa hela ya ile safari ya Dubai aliyoahirisha? Kila nikipiga simu naambiwa bosi yupo angani

Bibi Harusi: Tuna grupu letu la WhatsApp la wanaomdai

Teja Mstaafu: Nirushie linki haraka

Fundi Bomba: Na mimi