Naomba ushauri: vakyumu ya nyumba ndogo yenye zulia kila chumba

Habari zenu wakuu. Mashine yangu ya kufyonza vumbi imechoka kabisa. Inanguruma kweli, lakini nywele zinabaki palepale kwenye zulia, naishia kupiga magoti na kuziokota kwa vidole. Nataka kununua nyingine. Nyumba yenyewe ni ndogo, zulia limetandikwa kila chumba, na pa kuiweka mashine ni nyuma ya mlango tu.

Wauzaji wimbo wao ni wati. Ninavyoelewa, wati ni umeme unaoliwa na mashine, si nguvu ya kuvuta, kwa hiyo hapo hawanishawishi. Ninachotaka hasa ni kichwa chenye brashi inayozungushwa na mota, maana bila kitu cha kuchokoa nyuzi, vumbi la chini halitoki.

Kinachonichanganya ni vumbi likusanyike kwenye mfuko au kwenye kopo. Kopo linaniepusha na kununua mifuko kila mara, ila ukilimwaga vumbi linakurudia usoni, na mwanangu ana pumu. Kwa ajili yake nataka pia chujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini kabisa. Aliyewahi kutumia zote mbili, ipi ina nafuu?

Za betri nazo ni nyepesi, zinavutia, lakini ukiziweka nguvu ya juu chaji inakata upesi. Zulia la nyuzi ndefu zinaliweza kweli? Na nywele zikijisokota kwenye brashi, inachomoka kwa mkono au mpaka utafute bisibisi?