Naombeni ushauri: nikichaji gari la umeme nyumbani, transfoma ya mtaa itahimili?

Mtegesha Antena: Wakuu, habari za usiku. Nimeagiza Nissan Leaf toka Japani, betri ya kWh 40, meli iko njiani. Huku kwetu ikifika saa moja jioni taa zinafifia kama koroboi. Nikichaji nyumbani si nitazima mtaa mzima? Silali. Matusi hapana.

Bongo Ndefu: Umeme upo wa kumwaga. Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Chaji, acha uoga.

Kishoka Mstaafu: Bwawa liko Rufiji, jamaa yuko mwisho wa laini. Kuzalisha si tatizo, tatizo ni kuufikisha. Chaja ya ukutani ya ampea 32 inavuta kama kW 7 kwa saa kadhaa mfululizo. Pasi unaizima baada ya mashati matatu. Transfoma ya kVA 50, yaani kama kW 50 hivi, ikipata magari saba ya hivyo kwa mpigo imejaa, na hakuna aliyewasha hata jiko. Lako moja haliiui, hasa usiku wa manane. Waya wako unene gani, na Luku ya nani?

Mtegesha Antena: Waya wa kawaida. Luku ya nyumbani.

Kishoka Mstaafu: Nyumbani kwa nani?

Mtegesha Antena: Haya. Nakaa banda la uani kwa mama mkwe, kwa muda tu. Nimevuta waya wa 2.5 toka soketi ya jikoni kwake. Ila nachaji usiku, na uniti nitanunua mimi.

Mama Pendo: Yaani umehamia ukweni halafu unaagiza gari? Ungeagiza mlango wako kwanza.

Bongo Ndefu: Shemeji yangu alihamia ukweni na friji lake. Friji bado liko kule, yeye hayupo.

Kishoka Mstaafu: Turudi kwenye mada. Mama yuko tarifu ile nafuu, mwisho uniti 75 kwa mwezi? Uniti ni kWh moja, kwa hiyo Leaf hiyo ukiijaza mara mbili ni 80. Atahamishwa bei na hatajua kilichomponza.

Mtegesha Antena: Ndiyo, yuko huko. Lakini juzi nimechaji vizuri tu, soketi ilipata moto kidogo nikaielekezea feni.

Nusu Mkate: Subirini. Gari si liko melini? Juzi ulichaji nini? Hii chai, tena haina hata sukari.

Mtegesha Antena: La bosi. Niliomba nijaribie.

Nusu Mkate: Bosi akakupa gari likalale ukweni kwako. Sawa.

Kishoka Mstaafu: Chai au si chai, soketi ya ampea 13 ikipata moto haipepewi, inazimwa. Vuta waya wake peke yake toka kwenye mita, na breka yake.

Mtegesha Antena: Wa 6 utatosha? Ni kama mita 25.

Mama Pendo: Na mama mwenyewe amekubali?

Mtegesha Antena: Nimemwambia ni friji.