MREJESHO: Vyombo vya udongo kupasuka vikikauka

Asanteni sana nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini vyombo tunavyofinyanga kwa mkono darasani, hapa Lamu, vinapasuka kabla hata ya kuchomwa na masikio yanabanduka.

Nilichanganya udongo na vigae (vipande vya vyungu vilivyovunjika) vilivyotwangwa na kuchekechwa, kama mlivyosema. Uliyenikataza mchanga wa ufuoni, Mungu akubariki: una vipande vya makombe, na chokaa yake ikishachomwa hunyonya unyevu, ikavimba na kubandua chombo. Masikio sasa nayachanja mistari kwa uma, na pale yanapokaa pia, napaka udongo uliolainishwa kama uji, kisha nakandamiza mpaka utokeze kando, naupangusa kwa kidole. Hakuna hata sikio moja lililobanduka.

Upepo wa kaskazi hukausha ukingo wakati kitako bado kibichi, kwa hiyo nilifunika kila chombo kwa leso kuukuu yenye unyevu, kivulini. Nyufa zimepungua sana, ingawa kwenye vyombo vipana bado zipo kidogo.

Kuchoma ndiko kulikokwenda nusu nusu. Chetezo kimetoka chekundu, ukikigonga kinalia, na mama ameshakifukizia udi. Bakuli lenye kitako kinene lilipasuka motoni. Unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke ukakosa pa kutokea. Kaka aliyesema unene usizidi kidole alisema kweli. Bakuli nalifinyanga upya, kitako chembamba, na safari hii litakauka muda mrefu zaidi kabla ya moto.